Siku zimepitiliza: uanzie wapi, upime nini, na lini uende Hospitali ya Bombo, Tanga

"Dokta, nipe ile dawa ya kuleta siku." Hakuna duka la dawa Tanga, uanzie Makorora mpaka Chumbageni, ambalo halijaisikia sentensi hiyo. Anayeisema huisema kwa sauti ya chini, akigeuka kuangalia kama nyuma yake hakuna mtu wa mtaani kwao. (Dokta kwetu ni yeyote aliye nyuma ya kaunta ya dawa, hata awe mpwa wa mwenye duka aliyekuja likizo.) Dawa ya namna hiyo ipo kweli, na ina kazi yake. Shida ni kwamba watu huiomba mwanzo wa safari, na mahali pake ni karibu na mwisho. Kukosa hedhi ni dalili. Sababu inaweza kuwa mimba, sindano ya uzazi wa mpango, homa iliyokulaza wiki mbili zilizopita, tezi ya shingoni, au umri tu. Ukimeza kwanza halafu ndipo uulize, umeifunika dalili na sababu umeiacha palepale.

Kwa hiyo twende kwa mpangilio.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli umechelewa

Wengi wanaoingiwa na hofu hawajachelewa hata kidogo. Wanahesabu kwa tarehe: "Mwezi uliopita niliona tarehe 14, leo 17 sijaona kitu." Mzunguko hauendi hivyo. Unahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu yenyewe, siyo matone ya kuchafua nguo, mpaka siku ya mwisho kabla ya damu nyingine kuanza. Chukua mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 aliyeona damu tarehe 14 Machi. Nyingine ataiona 11 Aprili, halafu 9 Mei. Tarehe zinarudi nyuma. Shoga yake mwenye mzunguko wa siku 33, akianza naye siku hiyohiyo ya 14 Machi, atafuatia 16 Aprili na 19 Mei. Kwake tarehe zinakwenda mbele. Wote wawili ni wazima, ila wa pili kila mwezi analala na wasiwasi wa bure.

Bibi zetu waliohesabu kwa mwezi mwandamo walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko sisi wa kalenda ya ukutani, maana mwezi ule una siku 29 au 30 na haurukii 31.

Kwa mtu mzima, mzunguko wowote kati ya siku 21 na 35 ni wa kawaida. Binti aliyevunja ungo miaka miwili mitatu iliyopita anaweza kufika hata siku 45 bila tatizo, kwa sababu mwili wake bado haujazoea kupevusha yai kila mwezi. Na hata aliyezoea kupata kwa wakati, kusogea siku mbili tatu huku na huku si kuchelewa.

Kama hujawahi kuandika, anza leo. Nukta ya kalamu kwenye kalenda inatosha, wala hakuna atakayejua ni ya nini. Ukiwa na kumbukumbu za miezi mitatu au minne, umemrahisishia kazi daktari kuliko utakavyodhani, kwa sababu swali lake la kwanza litakuwa "hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi?" na wengi hujibu "kama katikati ya mwezi hivi."

Ikiwa zimepita siku saba tangu siku uliyotarajia, umechelewa. Ikiwa mzunguko wako huujui kabisa, hesabu siku 35 tangu damu ya mwisho ilipoanza. Zikipita, endelea na hatua inayofuata.

Hatua ya pili: pima mimba, hata kama una hakika haiwezekani

Hapa ndipo watu wanaporuka. "Mimi niko kwenye kijiti." "Bado nanyonyesha." "Nina miaka 46." "Aliniambia anamwaga nje." "Hospitali waliniambia mirija imeziba." Yote hayo yanapunguza uwezekano; hakuna hata moja linaloufuta. Ikiwa umekutana na mwanamume tangu hedhi yako ya mwisho, pima. Kipimo cha mkojo kinauzwa kwenye karibu kila duka la dawa muhimu, bei yake ni ndogo, na kabla ya jibu lake hakuna dawa, mzizi wala kipimo kingine chenye maana.

Lini upime. Kipimo kinatafuta homoni inayoitwa hCG, ambayo mwili huanza kuitoa baada ya mimba kujishika kwenye mfuko wa uzazi, yaani takribani siku 6 hadi 12 baada ya yai kupevuka. Ukipima mapema mno, homoni haijatosha na utaambiwa huna kumbe unayo. Siku uliyotarajia hedhi ikipita tu, kipimo kinaweza kutoa jibu, lakini wiki moja baada ya siku hiyo jibu linaaminika zaidi. Kwa mwenye mzunguko usiotabirika, hesabu siku 21 tangu mara ya mwisho ulipokutana na mwanamume bila kinga.

Namna ya kupima ninaieleza kwa kirefu, kwa sababu majibu mengi ya uongo yanatoka hapa:

Kagua pakiti kabla hujalipa. Tarehe ya mwisho isiwe imepita, na mfuko wake usiwe umetoboka. Angalia na duka lenyewe. Vipimo hivi kwa kawaida hutakiwa kukaa kwenye joto lisilozidi nyuzi 30, na wewe unaijua Tanga ya Januari na Februari. Kipimo kilichokaa miezi kwenye kibanda cha bati, karibu na dirisha linalopigwa na jua, usikichukue. Nenda duka la pili.

Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, ambao homoni yake haijachanganyika na maji mengi. Ukinywa madafu mawili saa nne halafu ukapima saa tano, mkojo umezimuliwa. Chombo kiwe kikavu na kisiwe na mabaki ya sabuni. Chovya upande wenye mishale, usipitishe ule mstari uliochorwa, kaa sekunde zilizoandikwa kwenye karatasi yake, kisha kilaze juu ya kitu kikavu. Soma ndani ya dakika tatu hadi tano. Baada ya dakika kumi usikisome tena, kwa sababu mkojo ukikauka unaweza kuacha kivuli cha mstari ambacho si jibu.

Mstari mmoja kwenye herufi C (ya kuonyesha kipimo kinafanya kazi): hakuna mimba iliyoonekana. Mistari miwili: mimba ipo, hata wa pili ukiwa hafifu kiasi cha kuusogeza dirishani kuuona. Kusipotokea mstari kwenye C kabisa, kipimo ni kibovu. Tupa, nunua kingine.

Ikitoka mstari mmoja na siku bado hazijaja, rudia baada ya wiki. Usihitimishe kwa kipimo kimoja.

Na ile ya chumvi, sukari na dawa ya meno? Video zake zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mkojo umetoa povu, watu wanapongezana. Chovya mkojo wa mjomba wako kwenye dawa ya meno, nao utatoa povu.

Kama kipimo kimeonyesha mimba, anza kliniki mapema, kabla ya wiki 12, na uulizie vidonge vya foliki asidi siku hiyohiyo. Kama ulikuwa unameza dawa yoyote ya muda mrefu, kwa mfano ya kifafa, presha au kisukari, usiiache ghafla wala usiendelee kimya kimya. Mwone daktari wiki hiyo.

Kuna jambo moja hapa ambalo halisubiri kliniki. Umepitiliza, halafu ukaona damu kidogo, nyeusi au ya kukatika, na maumivu chini ya tumbo, hasa upande mmoja. Wengi hupumua: "Zimekuja." Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, na ikipasua mrija damu inamwagikia ndani ya tumbo ambako huioni. Kizunguzungu, kuzimia, maumivu kwenye ncha ya bega bila kuanguka wala kubeba mzigo: usiku huohuo uende hospitali. Piga 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura wa wajawazito inayoitwa m-mama. Usisubiri mume arudi kutoka baharini ndipo aamue.

Na kama mimba hukuitaka, na umeshameza kitu, vidonge au mizizi, na sasa damu inatoka nyingi au una homa, nenda hospitali na useme ulichomeza. Kazi yao ni kukutibu, na wakijua ulichotumia watakutibu vizuri zaidi.

Hatua ya tatu: angalia unachotumia

Kipimo kimesema hakuna mimba, mara mbili. Sasa fungua droo ya dawa.

Sindano ya miezi mitatu ndiyo inayoongoza. Kati ya wanaoitumia kwa mwaka mzima, karibu nusu huacha kuona hedhi kabisa. Hilo si ugonjwa, ndivyo dawa inavyofanya kazi. Kinachowasumbua akina dada ni wazo la kwamba damu chafu inajikusanya tumboni, na siku moja italeta uvimbe. Haijikusanyi, kwa sababu haijatengenezwa. Damu ya hedhi ni utando wa ndani wa mfuko wa uzazi uliojengeka na kunenepa ukisubiri mimba, kisha ukabanduka. Sindano inauzuia utando huo usinenepe. Kisichojengwa hakina cha kubomoka. Ninalirudia hili kwa sababu ndilo linalowapeleka watu kutafuta dawa za "kusafisha kizazi" ambacho hakina uchafu wowote.

Ukiacha sindano, hedhi na uwezo wa kushika mimba huchukua muda kurudi. Kwa wastani ni miezi kumi hivi tangu sindano ya mwisho, na kwa wengine zaidi. Hujaharibiwa kizazi, bali dawa inatoka polepole mwilini. Ila angalia hapa: mimba inaweza kuingia kabla hedhi haijarudi, kwa sababu yai hupevuka kwanza ndipo hedhi ifuate. Kama hutaki mtoto, usisubiri kuona damu ndipo ujikinge.

Kijiti cha mkononi, kile cha miaka mitatu au cha miaka mitano, kinavuruga ratiba kwa namna yake: mwingine haoni damu miezi, mwingine anaona matone kila wiki. Vidonge vya kila siku vinaweza kuifanya hedhi iwe kidogo sana au isionekane. Kitanzi ni habari tofauti. Kile cha shaba hakina homoni na hakizuii hedhi, na wengi huona damu ikiongezeka. Kwa hiyo ukiwa na kitanzi cha shaba na umepitiliza, usiseme ni kitanzi. Pima mara moja, na ikiwa ni mimba uonwe haraka, kwa sababu mimba inayotokea ukiwa na kitanzi ina uwezekano mkubwa zaidi wa kutunga nje ya mfuko.

Vidonge vya dharura, P2 kwa lugha ya mtaani, vinaweza kusogeza hedhi mbele au nyuma kwa siku kadhaa. Ikizidi wiki moja, pima.

Halafu kuna vidonge vya Ramadhani. Kila mwaka mwezi ukikaribia, na pia kwa wanaojiandaa na Hija au harusi, wanawake hutafuta norethisteroni ili wasikatizwe. Inachelewesha hedhi, na ukiacha kumeza, damu kwa kawaida huja baada ya siku mbili au tatu. Tatizo ni wanaoanza bila kuuliza, wakameza wanavyoambiwa na jirani, na Shawwal ikaingia hakuna damu. Kama zimepita siku kumi tangu uache na hujaona kitu, kipimo cha mimba kwanza. Na mwenye historia ya damu kuganda kwenye miguu au ugonjwa wa ini asimeze dawa hii bila daktari.

Dawa nyingine ambazo hazihusiani na uzazi pia zinahusika. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kama risperidoni na haloperidoli, na ile ya kuzuia kutapika inayoitwa metoklopramaidi, hupandisha homoni ya maziwa na kuisimamisha hedhi. Heroini, na methadoni inayotumika kuitibu, nazo hufanya hivyo, na wako kina dada waliobeba mimba wakidhani hawawezi kwa kuwa hawaoni siku zao. Usiache dawa ya akili kwa sababu ya hedhi. Mwambie aliyekuandikia, mara nyingi kuna ya kubadilishia.

Hatua ya nne: kumbuka mwili umepitia nini

Ubongo ndio unaotoa amri ya hedhi, na ukiona mwili umebanwa, unaahirisha. Umefiwa, umeachwa, umehama mji, umefanya mtihani wa kidato cha nne, umelazwa na malaria kali: mwezi mmoja ukirukwa baada ya hayo haishangazi. Kupungua uzito haraka kunafanya hivyohivyo, kwa ugonjwa au kwa kujinyima ili gauni la harusi liingie. Mazoezi pia, lakini yale ya saa nyingi kila siku na chakula kidogo. Kupiga baiskeli kwenda sokoni Mgandini na kurudi hakujawahi kumkatia mtu siku zake, wallahi, ingekuwa hivyo nusu ya Tanga ingekuwa haizai.

Kunyonyesha kunaeleweka vibaya pande zote mbili. Kunakinga mimba pale tu mambo matatu yanapokuwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya tu, usiku na mchana, bila uji wala maji, na wewe hujaona hedhi tangu ulipojifungua. Likivunjika moja, kinga imevunjika, hata kama damu hujaiona bado.

Kwa mwenye miaka 45 hadi 55, hedhi kuruka miezi, kuja nzito kisha kupotea, pamoja na joto la ghafla usoni na jasho la usiku, ni njia ya kawaida ya kuelekea kukoma hedhi. Ukimaliza miezi 12 mfululizo bila damu, umekoma. Damu ikirudi baada ya hapo, hata tone, usiifurahie ukadhani ujana umerudi. Nenda ukapimwe, maana saratani ya kizazi hujitokeza hivyohivyo.

Hatua ya tano: tafuta dalili zinazoandamana

Sasa simama mbele ya kioo. Swali ni moja: pamoja na hedhi kupotea, kuna nini kingine?

Ndevu kidevuni, nywele kifuani au chini ya kitovu, chunusi zisizoisha ukiwa na miaka 28, uzito unaopanda hasa tumboni, ngozi nyeusi na nene nyuma ya shingo, na hedhi iliyokuwa inaruka tangu usichana: hizo zinaelekeza kwenye PCOS, hali ambayo mayai hayapevuki kwa utaratibu na homoni za kiume ziko juu. Shirika la Afya Duniani linakadiria inawapata takribani mwanamke mmoja kati ya kila kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Huku kwetu ndiyo inayojificha nyuma ya neno "mvurugiko wa homoni," na ndiyo inayowatajirisha wauza unga wa mizizi mtandaoni. Haihitaji unga. Inahitaji kutambuliwa, kwa sababu utando usiobanduka kwa miezi mingi, kwa mtu ambaye hayuko kwenye dawa ya homoni, unaweza kunenepa kupita kiasi na baadaye kuleta saratani, na kwa sababu mwenye PCOS yuko karibu zaidi na kisukari. Si wote ni wanene; wembamba nao wapo. Na wengi huzaa, wengine bila msaada wowote, wengine kwa vidonge vya kupevusha mayai.

Shingo imevimba mbele, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, unakonda huku unakula. Au kinyume chake, unahisi baridi wenzako wakipepea kwa kanga, choo kigumu, uchovu, uzito unaongezeka. Hiyo ni tezi ya thairoidi, ikizidi au ikipungua.

Maziwa yanatoka kwenye matiti na hunyonyeshi. Ikiwa pamoja nayo kichwa kinauma kila siku na unagonga vitu vilivyo pembeni kwa kutoviona, usikae. Kuna kivimbe kidogo kinachoweza kuota kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, mara nyingi kinatibika kwa vidonge.

Hedhi iliyopotea tangu uliposafishwa kizazi, baada ya mimba kuharibika au kujifungua, huenda ni makovu yaliyogandisha kuta za ndani. Iliyopotea tangu uzazi uliotoka damu nyingi, na maziwa hayakutoka kabisa, mweleze daktari hivyohivyo. Tezi ya ubongoni huweza kuumia kwa ukosefu wa damu. Joto la ghafla na ukavu ukeni ukiwa hujafika miaka 40 si "kuzeeka mapema" kwa kuchekwa. Ni ovari zilizopunguza kazi, na mifupa inahitaji kulindwa kwa dawa. Kikohozi kirefu, jasho la usiku na kukonda: pima kifua kikuu na VVU, kwani magonjwa sugu nayo husimamisha hedhi, na kifua kikuu huweza kuingia kwenye kizazi chenyewe.

Hatua ya sita: jua muda wa kungoja umeisha lini

Uliyekuwa unapata kwa wakati: miezi mitatu bila hedhi, kipimo cha mimba kikiwa hasi na hutumii uzazi wa mpango wa homoni. Uliyekuwa unaruka siku zote: miezi sita. Ila dalili yoyote ya hatua ya tano inafuta muda huo. Ukiiona, nenda sasa. Kwa mtu mzima, mzunguko unaopita siku 35 mara kwa mara, au hedhi chini ya tisa kwa mwaka, nao unastahili kuonwa hata kama hujakosa miezi mitatu mfululizo.

Kwa mabinti, mama au somo wake aangalie mambo haya. Akifika miaka 15 hajavunja ungo, apelekwe. Akifika 13 na hata matiti hayajaanza kuota, apelekwe. Na binti ambaye matiti yameota, hajaona damu, lakini kila mwezi anajikunja kwa maumivu ya tumbo siku mbili tatu, asipewe tu panado na kuambiwa atazoea. Pengine damu ipo, njia imezibwa na utando aliozaliwa nao, na inarudi kujaa ndani. Daktari huitambua kwa kumwangalia tu, na hurekebishwa kwa upasuaji mdogo.

Mwanafunzi aliyepitiliza asifokewe kabla ya kupimwa. Na ikiwa ni mimba, shule haijaisha: tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa ajili ya ujauzito kurudi kwenye shule za kawaida. Akiwa na umri chini ya miaka 18, aulizwe pia kwa upole ni nani na ilikuwaje, maana kisheria huenda ametendewa kosa.

Hatua ya saba: hospitali

Huna haja ya kuanzia Bombo. Kituo cha afya cha karibu, Ngamiani, Makorora au Pongwe, kinaweza kukupima mimba, wingi wa damu, VVU, sukari na presha, na huduma za uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali hazilipiwi. Kwa homoni na daktari wa wanawake utapewa rufaa ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Wa Muheza wana Teule, wa Korogwe wana Magunga. Ukitaka barua ya rufaa iende vizuri, nenda nayo asubuhi, na chukua kalenda yako, pakiti za dawa zote unazomeza (pakiti, siyo "vile vyeupe vidogo"), na kadi ya uzazi wa mpango.

Jiandae kuulizwa mambo ya ndani: mimba ngapi, zilizotoka ngapi, ulisafishwa lini. Kama umeingia na mama mkwe, una haki ya kumwomba daktari mbaki wawili. Madaktari wameshazoea.

Vipimo vya damu vya kawaida ni TSH kwa ajili ya thairoidi, prolaktini (ile homoni ya maziwa), FSH (homoni ya ubongoni inayoziamuru ovari), na homoni za kiume ikiwa una ndevu au chunusi. Prolaktini hupanda ukiwa na hofu, umetoka kukimbia au umeminya chuchu kuangalia kama kuna maziwa. Kaa utulie kabla ya kutolewa damu. Jibu lililopanda kidogo hurudiwa kabla ya kuanza dawa. Utrasaundi ya juu ya tumbo hutaka kibofu kijae, kwa hiyo kunywa maji na usiende msalani mpaka uitwe. Foleni ikiwa ndefu, mwambie muhudumu. Na ukiambiwa "una vimbe kwenye mayai," uliza maana yake. Vifuko vidogo vingi vya PCOS ni mayai ambayo hayajapevuka, havikatwi.

Hapa sasa ndipo daktari anaweza kukupa vidonge vya projesteroni vya siku tano hadi kumi. Damu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki moja au mbili baada ya kumaliza. Ikitoka, inamwambia kwamba utando upo na njia iko wazi, na kwamba kinachokosekana ni kupevuka kwa yai. Isipotoka, anatafuta kwingine: homoni ziko chini mno, au kuna kovu. Dawa ile ile ya kaunta, ila sasa kuna mtu anayelisoma jibu lake.

Kabla hujatoka chumbani uliza mambo matatu: tatizo langu linaitwaje, dawa hii nameza mpaka lini, na nirudi lini. Waombe waandike kwenye cheti kwa herufi zinazosomeka. Ukiambiwa ni PCOS, ongeza la nne, kwamba sukari yako ipimwe sasa na tena kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, kadiri daktari atakavyoona uzito na historia ya kisukari kwenu.